Kikundi chetu kianzishe mfuko wa mawakili, au wakili ni jukumu la serikali?

*«Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama na vijana huku Kaptembwo, Nakuru. Tangu mwaka jana vijana wetu wamekuwa wakishikwa mara kwa mara, wengine kwa kutembea usiku tu, wengine kwa kesi nzito. Mmoja wao ana miaka 19. Yeye na mwenzake wanadaiwa kumpiga mtu na kumnyang'anya simu, wakashtakiwa kwa wizi wa kimabavu. Tulifanya mchango, tukapata elfu arobaini, tukampa wakili. Alifika kotini mara mbili, mara ya tatu hakuonekana, na sasa simu hashiki. Kijana bado yuko rumande kwa sababu dhamana aliyopewa hakuna mtu kwao anayeiweza, na kesi imeshaanza kusikizwa. Kwenye mkutano wetu mzee mmoja alisema katiba inailazimisha serikali kumlipia wakili kila maskini. Mwingine akabisha, akasema hiyo ni ya kesi za mauaji peke yake. Sasa tunataka kuanzisha mfuko, kila nyumba itoe shilingi mia moja kwa mwezi, tuwe tukimwajiri wakili kila mmoja wetu anaposhikwa. Je, hiyo ni njia nzuri? Na huyu aliyeko ndani tumsaidie vipi?»*

Katibu, pole kwa mzigo huu, na hongera kwa kutomtupa kijana wenu. Wengi wakisikia neno wizi hujitenga na familia siku hiyo hiyo. Nimesoma swali lako kama maswali mawili, la kijana aliye ndani na la mfuko wenu. Nitaanza na ubishi wa wazee wale wawili, maana msipoelewa vizuri haki ya wakili inavyofanya kazi, mfuko mtauunda kwa misingi isiyofaa.

Kila mmoja wao amesema nusu ya ukweli. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inasema mshtakiwa ana haki ya kupewa wakili na serikali, kwa gharama ya serikali, iwapo bila wakili huyo kutatokea udhalimu mkubwa, na kwamba lazima aelezwe haki hiyo mapema. Neno zito hapo ni «iwapo». Katiba haikusema kila maskini, ila pia haikusema mauaji peke yake.

Dhana ya mauaji peke yake imetokana na mazoea. Kesi ya mauaji husikizwa Mahakama Kuu, na huko ni desturi ya miaka mingi kwamba mshtakiwa asiye na uwezo huteuliwa wakili ambaye mahakama humlipa. Malipo ni kidogo, na mawakili wanaozifanya kesi hizo kwa moyo wanajua hivyo. Lakini angalau mtu hasimami peke yake. Wizi wa kimabavu ni tofauti. Chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, vijana wawili wakimnyang'anya mtu simu, hata bila silaha, ule uwili wao peke yake unatosha kulifanya shtaka liwe la kifo. Hata hivyo kesi hiyo husikizwa na hakimu, si jaji, na kwenye mahakama za mahakimu ile desturi ya kuteuliwa wakili haikuwahi kukita mizizi. Ndiyo maana unaweza kumkuta kijana wa miaka 19 amesimama kizimbani akimhoji shahidi mwenyewe, katika kesi ambayo adhabu iliyoandikwa kwenye kitabu cha sheria ni kunyongwa. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini hukumu ya kifo maana yake ni miaka na miaka gerezani. Mtu asiwadanganye pia kwamba adhabu hiyo ilishaondolewa. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2017 katika kesi ya Muruatetu ulifuta ulazima wa kifo, lakini mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji tu.

Mwaka huo huo wa 2017, katika kesi ya Karisa Chengo na wenzake, Mahakama ya Juu ilieleza jinsi ya kupima ule udhalimu mkubwa. Haki ya wakili wa serikali haiji yenyewe. Mahakama itatazama uzito wa shtaka, ukali wa adhabu, kama mshtakiwa anaweza kulipa, kama ni mtoto, kama anajua kusoma na kuandika, na kama kesi ina utata. Mpimeni kijana wenu kwa vigezo hivyo. Shtaka lake ni la kifo na kwao hata dhamana imewashinda. Ana hoja nzito kabisa.

Halafu kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, ambayo watu wengi hawaijui. Sheria hiyo iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, ambayo ina ofisi hapa Nakuru, na kwa jirani zetu Kisumu na Eldoret. Kifungu cha 43 kinaiwajibisha mahakama. Mshtakiwa akifika bila wakili, hakimu anapaswa kumweleza haki yake, na akiona kuna hatari ya udhalimu mkubwa, aiarifu Huduma hiyo impatie mtu. Kwa hiyo jukumu la kuanza ni la mahakama, si la mama mzazi kuzunguka mjini akiuliza ofisi za mawakili. Ila asubuhi ya siku ya kesi hakimu huwa na orodha ndefu mbele yake, na jambo ambalo halikuombwa kwa sauti hupitwa.

Wengi huangukia hapo, na nimeona jinsi inavyotokea. Lori la rumande linafika, vijana wanashushwa, wanakaa seli ya mahakama hadi waitwe. Jina linasomwa. Hakimu anauliza: «Mshtakiwa, uko tayari kuendelea?» Kijana anaogopa akikataa ataonekana mkaidi, au kesi itasogezwa miezi, kwa hiyo anajibu, «Niko tayari.» Hana karatasi hata moja mkononi. Shahidi anamaliza kutoa ushahidi, anaulizwa, «Una maswali?» Anajibu, «Sina.» Kwa maneno hayo mawili ushahidi mzima umeingia kwenye rekodi bila kupingwa, na rekodi hiyo ndiyo jaji wa rufaa atakayoisoma baadaye.

Kwa hiyo kijana wenu afundishwe maneno machache ya kusema siku atakayoitwa tena. Asimame, aseme kwa heshima: «Mheshimiwa, sina uwezo wa kulipa wakili. Naomba iandikwe kwenye rekodi kwamba naomba wakili wa serikali, na naomba mahakama iiarifu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.» Kama hajapewa taarifa za mashahidi na nakala ya hati ya mashtaka, aseme hilo pia, kwa sababu ibara hiyo hiyo ya 50 inampa haki ya kuona ushahidi mapema na kupata muda wa kujiandaa. Kama Kiswahili cha kotini kinampa shida, anaweza kuomba mkalimani bila kulipa hata senti. Hakimu akikubali, vyema. Akikataa, ombi litakuwa limeandikwa, na kukataliwa kwake ni jambo ambalo wakili wa rufaa anaweza kulishika. Jambo ambalo halikuandikwa ni vigumu mno kulifufua baadaye.

Msingoje mahakama iandike barua peke yake. Familia iende kwenye ofisi ya Huduma hiyo hapa mjini ikajaze maombi, ikiwa na namba ya kesi, jina la mahakama, tarehe inayofuata na maelezo ya hali yao ya kipato. Sitawaficha kwamba mawakili wanaopatikana kwa njia hii ni wachache kuliko wanaowahitaji, na mnaweza kungoja. Kuna watu wameomba wakahukumiwa kabla ya kujibiwa. Ndiyo sababu nasisitiza rekodi ya mahakama na maombi ya ofisini viende pamoja.

Sasa zile elfu arobaini. Sitamhukumu wakili ambaye sijamsikia. Lakini kwa shtaka la aina hii kiasi hicho ni rahisi kumalizika kabla shahidi wa pili hajapanda kizimbani, kwa sababu mawakili wengi huhesabu kila siku wanayofika kotini, iwe kesi inatajwa tu au inasikizwa. Mlikubaliana nini? Kama hakuna karatasi, mwandikieni barua, mkitaja tarehe na kiasi, mwombe aseme kama bado anaendelea na kesi au amejitoa. Akijitoa rasmi, ni heri kuliko jina lake kubaki kwenye faili huku kijana akionekana ana wakili, kwa sababu mahakama haitamtafutia mwingine. Asipojibu, kuna Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili, na kuwasilisha malalamiko huko hakuhitaji wakili. Thibitisheni pia kwamba ni wakili kweli mwenye cheti cha mwaka huu. Chama cha Mawakili cha Kenya kina njia ya kutafuta jina lake mtandaoni. Nje ya mahakama nyingi wapo madalali wanaovaa suti na kubeba mafaili, wanaopokea hela kwa ahadi ya «kuongea na hakimu». Hao msiwape hata nauli.

Nije kwenye mfuko wenu. Tuseme mna nyumba mia mbili, na zote zinalipa bila kukosa. Hizo ni elfu ishirini kwa mwezi. Fedha hizo haziwezi kuendesha kesi za wizi wa kimabavu, hata moja, kuanzia mwanzo hadi hukumu, na mwenyewe umesema wanashikwa mara kwa mara. Mtachanga, mtamlipa wakili mwanzo, ataacha kesi ikiwa katikati, na watu watakata tamaa wakaanza kulaumiana. Kama mfuko ni wa kulipa mawakili, ushauri wangu ni msiuanzishe.

Lakini mkusanyiko wenu una thamani kubwa kwa kazi nyingine, ambayo wakili hata akiwa hodari hawezi kuifanya vizuri peke yake. Kesi nyingi za maskini huharibika katika siku za kwanza, kabla wakili yeyote hajaonekana. Zikiharibika hapo, wakili wa baadaye hubaki akirekebisha tu. Siku hizo za kwanza hazihitaji digrii. Zinahitaji mtu anayemjua kijana, anayejua sheria chache za msingi, na aliye tayari kuamka usiku.

Anza na kituo cha polisi. Mtu wenu akishikwa, mmoja aende kituoni saa hiyo hiyo aulize ameandikwa kwa namba gani ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, kwa kosa gani, na afisa anayechunguza ni nani. Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata kama saa hizo zimeangukia wikendi. Dhamana ya polisi haiuzwi. Kama afisa anadai pesa taslimu, ni amana, inaandikiwa risiti na inarudishwa, na asiyetaka kuandika risiti huyo anaomba kitu kingine. Na jambo kubwa kuliko yote kituoni ni maandishi. Kijana anaweza kuambiwa, «Weka sahihi hapa uende nyumbani.» Chini ya Sheria ya Ushahidi, kukiri kosa hakukubaliki mahakamani isipokuwa kumefanywa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa na sheria ambaye si yeye anayechunguza kesi, na mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Mtu huyo wa tatu anaweza kuwa mmoja wenu. Ana haki ya kunyamaza pia, na kunyamaza si kukiri. Vijana wafundishwe hili kabla ya kushikwa, kwa sababu wakati wa seli hawatakuwa na mtu wa kuwafundisha.

Kisha kusomewa mashtaka. Wanaoshikwa kwa makosa madogo hukiri kwa wingi ili wamalize na kurudi nyumbani, hata pale ambapo hawakufanya kitu. Hawajui kwamba rekodi ya uhalifu itawafuata wakitafuta cheti cha tabia njema kwa ajili ya kazi. Hawajui pia kwamba katiba inakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Kwa kosa la aina hiyo anaweza kukana na alale kwao usiku huo huo. Mwanakikundi mmoja akikaa kwenye viti vya umma asubuhi hiyo, akabadilishana neno na kijana kabla hajaitwa, anaweza kuokoa zaidi ya mchango wa mwezi.

Kisha dhamana, na hapa ndipo nguvu yenu ilipo hasa. Tangu 2010 kila kosa lina dhamana, hata la kifo, isipokuwa pawepo sababu nzito ya kuinyima. Upande wa mashtaka ukipinga, mara nyingi husema mshtakiwa hana makao yanayojulikana au atatoroka. Hakimu humtuma afisa wa probesheni akaandike ripoti. Afisa huyo anakuja mtaani, anauliza mzee wa mtaa, anauliza majirani. Asipompata mtu, anaandika kwamba familia haikupatikana. Sasa fikirini afisa anafika Kaptembwo anakutana na katibu wa kikundi kilichosajiliwa, anampeleka hadi mlangoni pa mama yake, anaonyeshwa fundi aliyekuwa akimwajiri kijana, na mtu mzima anajitolea kuwa mdhamini na kuhakikisha anafika kotini. Ripoti inabadilika, na dhamana inabadilika nayo. Tofauti ya mtu anayeendesha kesi yake akitokea nyumbani na anayetokea rumande ni kubwa mno: wa nyumbani anatafuta mashahidi, anaendelea na kibarua, na hapati ule ushawishi wa kukiri ili tu atoke.

Kwa hiyo hela zenu zitumike kwa nauli za kwenda kotini, nakala za taarifa za mashahidi, gharama za mdhamini kupata karatasi zake, na pengine dhamana ndogo za pesa taslimu. Dhamana ina uzuri kwamba inarudi kesi ikiisha ikiwa mshtakiwa hakukosa kufika. Hivyo hela ile ile inaweza kumsaidia mwingine. Lakini akitoroka, imeenda, na mdhamini anaweza kuitwa ajieleze. Wekeni kiwango cha juu cha kila mtu, na risiti ya mahakama ikae kwa mweka hazina, si mfukoni mwa mshtakiwa. Sajilini kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, pesa zikae benki, na mtoaji asiwe mmoja.

Kuna jambo zito ambalo vikundi hulisahau. Aliyeibiwa naye ni wa Kaptembwo. Huenda naye anachanga mia moja yake kila mwezi. Mtafanya nini mwanachama akimshtaki mwanachama? Na ikiwa ni kesi ya kunajisi mtoto, au mwanamke aliyepigwa na mumewe ambaye ni mweka hazina? Kaeni mlijibu hilo kabla ya kukusanya senti ya kwanza. Mtazamo wangu ni kwamba kila mshtakiwa anastahili wakili na kesi ya haki, lakini kikundi cha mtaa hakilazimiki kumdhamini kila mtu, na kamwe kisitumike kumshinikiza mlalamishi. Msimpigie shahidi simu, msiende kwake kwa wingi «kumwomba msamaha», msimpe hela. Kuingilia mashahidi ni kosa, na ni mojawapo ya sababu za haraka kabisa za kufutiwa dhamana. Kama kuna nia ya kweli ya kupatana kwa kosa dogo, sheria inaruhusu mahakama kuhimiza upatanisho, na ufanyike mbele ya mahakama.

Pia wateueni wawili au watatu wasomee usaidizi wa kisheria. Sheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliopata mafunzo na kuidhinishwa, na wanafanya kazi wakiwa chini ya wakili au shirika lililoidhinishwa. Hawasimami kortini kama mawakili wala hawaandiki hati kwa malipo, lakini wanaeleza haki, wanafuatilia mafaili, wanaunganisha watu na mawakili. Malawi walianza mpango wa namna hii magerezani mwaka 2000, nchi yenye mawakili wachache mno. Wasaidizi waliketi na mahabusu wakiwafundisha, kwa michezo ya kuigiza, jinsi ya kuomba dhamana wenyewe na jinsi ya kumuuliza shahidi maswali. Hapa kwetu anzeni kwa Chuo Kikuu cha Kabarak, ambacho kina kliniki ya msaada wa kisheria, na Egerton, ambacho kitivo chake cha sheria kiko mjini. Wanafunzi hawatawatetea kortini, lakini wana walimu ambao ni mawakili, na mafunzo ya Jumamosi wanaweza kuyatoa.

Niruhusu neno moja la moyoni. Kila mahakama ya hakimu unayoijua ina mwendesha mashtaka anayelipwa mshahara na serikali. Upande wa pili kiti ni kitupu. Afrika Kusini iliamua kuajiri mawakili wa utetezi kwa mshahara, chini ya chombo cha umma, wakiwa na ofisi karibu na mahakama, na Marekani ilisukumwa huko na uamuzi wa mahakama yake ya juu wa 1963 katika kesi ya Gideon. Mifumo hiyo ina lawama zake, kubwa ikiwa mawakili kulemewa na mafaili. Bado naamini ndiyo njia sahihi kwetu, wakili wa utetezi wa kudumu katika kila kituo cha mahakama, kuliko kuteua mmoja mmoja kwa malipo madogo. Sheria yetu ya 2016 imefungua mlango. Bajeti ndiyo haijaingia ya kutosha. Na mahali pa kulisema hilo mnapo. Kila kituo cha mahakama kina Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, ambapo hakimu, polisi, magereza, waendesha mashtaka, probesheni na wananchi hukaa meza moja. Ombeni nafasi. Nendeni na orodha ya vijana wenu: nani alikaa kituoni kupita saa 24, nani aliomba wakili akakosa, nani yuko rumande kwa dhamana isiyolipika. Orodha yenye namba za kesi inasikizwa kuliko manung'uniko.

Turudi kwa kijana, maana kwake muda unakwenda. Wiki hii, mtu mmoja aende kwenye sajili ya mahakama na namba ya kesi, aulize tarehe inayofuata na mashahidi wangapi wameshasikizwa. Mama yake amtembelee gerezani na maneno yale ya kuomba wakili, ayarudie mpaka ayashike. Dhamana iombewe upya. Hakimu anaweza kuipunguza hali ikibadilika, na mdhamini mpya mwenye mizizi mtaani ni hali iliyobadilika. Hakimu akikataa, Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuipunguza chini ya kifungu cha 123 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Mashahidi waliopita bila kuhojiwa wanaweza kuombewa waitwe tena, na hakimu akihamishwa kesi ikiwa katikati, mshtakiwa ana haki ya kuelezwa kwamba anaweza kuomba waitwe upya.

Mtu anaweza kumwambia, «Kiri kosa dogo, uachiliwe.» Makubaliano ya kukiri yapo kisheria tangu 2008, na katika kesi ya wizi wa kimabavu tofauti ni kubwa, kwa sababu wizi wa kawaida wa kutumia nguvu una kifungo kisichozidi miaka 14, si kifo. Siku alizokaa rumande lazima zihesabiwe kwenye kifungo. Hata hivyo hili asilifanye bila wakili kukaa naye, na asilifanye kabisa kama hakutenda. Mwendesha mashtaka si adui, lakini si wakili wake.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, na mnapaswa kumwona wakili au ofisi ya msaada wa kisheria ana kwa ana bila kungoja tarehe ya kesi. Kama mmoja wao alikuwa chini ya miaka 18 siku ya tukio, hata akikaribia. Leteni cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, maana utaratibu wa watoto ni mwingine kabisa. Kama ana ugonjwa wa akili. Kama alipigwa akiwa mikononi mwa polisi: apelekwe hospitali ya serikali, majeraha yaandikwe, na mlalamike kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi. Kama aliweka sahihi karatasi asiyoijua. Kama mtu ameshikwa na hakuna kituo kinachokubali kuwa naye, hilo ni la Mahakama Kuu siku hiyo hiyo. Na kama hukumu imeshatolewa, kwa sababu rufaa ina siku 14 tu, ingawa mahakama inaweza kuongeza muda kukiwa na sababu.

Mkienda, bebeni hati ya mashtaka, risiti zote, namba ya OB, jina la gereza na tarehe ya kesi inayofuata. Aende mama yake pamoja na mmoja wa kikundi, si watu kumi, na mwenye kuandika awe na kalamu.